Albamu Imemzika Bibi Yangu, Naye Bado Anapika Maharage

Mpendwa Anti Odalie,

Nikiendelea kukaa na jambo hili peke yangu nitapasuka, kwa hiyo nakuandikia nikiwa ndani ya gari la rafiki yangu, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini. Mimi ni kijana wa hapahapa New Orleans, Kata ya Saba, kazi yangu ni kufoka, na baada ya miaka miwili ya kujifungia studio na huyo rafiki yangu Tremel, ambaye ndiye prodyuza wangu, mwezi wa pili niliachia albamu yangu ya kwanza, inaitwa Mtoto wa Kata, ngoma kumi na nne, mistari niliyoiandika na kuifuta na kuiandika tena mpaka mchumba wangu akachoka akafungasha.

Sasa Anti, wewe unajua, au kama hujui waulize vijana wako, kwamba kwenye albamu za rap ni desturi kuweka katikati ujumbe wa simu wa mama au bibi ya msanii, akigomba au akiomba dua, wakubwa wote wamefanya hivyo, nami nikaona nisipitwe. Bibi yangu Clotilde, ambaye amenilea tangu mama alipohamia Houston, hajui kuacha ujumbe mfupi, kwa hiyo nilikuwa na jumbe zake nyingi, nikachagua mmoja, tukauweka kati ya ngoma ya sita na ya saba. Anasema hivi, nimeukariri kama watu wote wa mji huu walivyoukariri:

"We Delvin! Bibi yako hapa. Najua simu unaiona, unaiangalia tu. Sufuria langu liko wapi? Lile zito, la mfuniko. Umeondoka nalo Jumatatu na maharage yangu ndani, ukasema 'kesho, Bibi', kesho gani hiyo isiyofika? Haya. Nikifa sijaliona sufuria langu usije ukanililia mbele za watu, nitaamka nikuzabe kofi. Ule, baba. Umekonda. Nakupenda. Haya, nakata. Hii kitu inakatwaje?"

Basi ni hayo tu, dakika moja. Ila Tremel akaweka tarumbeta chini ya sauti yake, tarumbeta ya polepole, ile inayopigwa na bendi ikisindikiza jeneza makaburini, akaniambia, "Hapa mwanangu patawaliza watu," na kweli pakawaliza, kwa sababu albamu ilipotoka kila aliyesikia tarumbeta ile na maneno yale ya kufa akajua moja kwa moja kwamba bibi yangu amefariki.

Sikusema uongo, Anti, naomba hilo lieleweke. Siku ya tatu nilikuwa jikoni nachemsha tambi kwenye sufuria lenyewe, nikasikia mtangazaji wa redio anasema, "Pole sana kijana wetu kwa msiba, bibi yako ametugusa sote," kisha akapiga kile kipande cha dakika moja, hakupiga hata ngoma moja yangu. Wiki iliyofuata wakaniita kwenye kipindi, akaniuliza, "Ungependa bibi angekuwepo aone mafanikio haya?" nami nikanyamaza kwa sababu sikujua niseme nini, na kimya changu kikasifiwa, wakasema huyu kijana amekomaa. Mahojiano yaliyofuata nikasema "asante." Mahojiano ya baada ya hapo nikavaa miwani myeusi.

Wewe ni mwenyeji, unajua hapa kwetu mtu akifa fulana zinachapwa kabla jeneza halijachaguliwa. Siku moja kwenye kituo cha mafuta nikakutana na jamaa nisiyemjua amemvaa bibi yangu kifuani, na kofia yake ya zambarau ya Pasaka, ana mbawa, chini pameandikwa jua lilichomoza mwaka gani na jua lilitua siku gani, yaani kuzaliwa na kufa, na siku yenyewe lililotua ni siku albamu ilipotoka. Jamaa akanikumbatia akalia. Nifanyeje, nimwambie avue? Kisha wakamchora ukutani, mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwake, na watu wakaanza kuweka masufuria chini ya ule ukuta, Anti, masufuria mapya na yaliyoungua, wengine wameyawekea maua. Na mchambuzi mmoja wa muziki akaandika kwamba albamu yangu ina dakika moja ya ukweli mtupu, zile dakika nyingine hamsini akazimaliza kwa sentensi moja. Iliniuma, siwezi kuficha.

Kwa upande wa bibi nimekuwa na bahati. Mtandao hana, na siku hizi uzee umemwingia ghafla, hatoki kabisa. Mwaka huu klabu yake ya kina mama ilipotoka na bendi kuandamana mitaani Jumapili, yeye ambaye kwa miaka yote ndiye anayetangulia na mwavuli wake wa manyoya, akasema magoti yanamsumbua, akabaki ndani na mapazia ameyashusha. Hata sokoni haendi, nampelekea vitu mwenyewe, ananiambia nipitie mlango wa nyuma. Kina mama wa kanisani kwake nao hawajasema neno kwa mtu, jambo la ajabu kwa kina mama wale. Mmoja wao, Miss Hazelline, nilikutana naye dukani akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema tu, "Bibi yako anakusalimu," akaenda zake.

Nikimtembelea, bibi mwenyewe hana neno. Juzi aliniuliza, "Watu wanaipenda hiyo santuri yako?" nikamwambia, "Wanaipenda sana, Bibi." Akasema, "Basi vizuri." Kisha akauliza, "Na hayo maonyesho yako yanaisha lini?" Nikajua amenikumbuka, maana nimekuwa nikisafiri. Nikamwambia mwezi wa kumi na mbili. Akasema, "Haya. Si mbali," akaendelea kuchambua maharage.

Tatizo sasa ni Jumamosi ijayo. Nafanya onyesho la nyumbani, tiketi zimekwisha, waandaaji wamepanga dakika moja ya kimya, picha yake kubwa, njiwa weupe, na bendi itapiga ule wimbo wa jeneza. Nahofia atasikia matarumbeta kutoka barazani kwake. Nimefikiria nimpeleke kwa mama Houston mpaka joto lipoe, lakini bibi ni mbishi na basi halipendi. Naomba unisaidie, nimwambie maneno gani ili akubali kuondoka bila kushtuka? Nampenda kuliko kitu chochote.

Ni mimi,
Mjukuu Mwenye Mawazo, Kata ya Saba

ANTI ODALIE ANAJIBU

Mjukuu Mwenye Mawazo,

Umeniomba nisitoe jina lako. Jina lako amelitaja bibi yako kwenye neno la pili la ujumbe wake, na jina la albamu umelitaja mwenyewe kwa fahari, kwa hiyo hapo sina msaada. Lakini sina roho mbaya kiasi hicho: jibu hili nimekutumia leo, gazeti litafika barazani kwa bibi yako keshokutwa. Kesho yote ni yako.

Kwanza nikupe pole, na ni ya kweli. Miaka miwili ya kazi halafu mji mzima upende kipande ambacho hukuandika hata neno lake, hilo linauma, na anayekwambia haliumi hajawahi kutengeneza kitu. Nimeisikiliza albamu yako. Ngoma ya nne, ile ya mama kuondoka na masanduku, niliirudia mara mbili nikasahau chai yangu. Unajua kazi. Zile za magari ya kifahari nimeziruka, maana wewe mwenyewe umeniandikia ukiwa ndani ya gari la Tremel.

Pole imeishia hapo.

Unasema hukusema uongo. Ni kweli, ulivaa miwani. Mtu akimzika bibi yako kwa bahati mbaya, unamwambia, "Hapana, kaka, yupo nyumbani anapika." Ni sentensi fupi kuliko mstari wako wowote. Hukuisema kwa sababu msiba ulikuwa unakupendeza.

Lakini hilo la kudanganya mashabiki ni dogo, watakucheka mwezi mzima kisha watasahau. Kilichonitoa machozi ni kile ulichokiita bahati. Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mfereji, nimekulia kwenye makanisa haya, na nakwambia kina mama wale hawajawahi kutunza siri hata ya keki. Nani amewafunga midomo? Yupo mtu mmoja tu ambaye Miss Hazelline angemsikiliza. Na huyo mtu anaona ukuta wenye sura yake mitaa miwili kutoka kwake, anasikia watu wanapita na masufuria, akafunga mapazia. Magoti yake hayana kitu, kijana. Mwanamke anayetangulia mbele ya bendi miaka yote habaki ndani Jumapili ya klabu yake kwa ajili ya magoti, angebebwa kwenye kiti. Amebaki ndani kwa sababu akionekana barabarani na mwavuli wake, wewe umekwisha.

Bibi yako anajua. Amejua tangu mwanzo. Aliona watu wanakupenda yeye akiwa amekufa, akaamua kufa.

Sasa rudia lile swali lake. "Maonyesho yako yanaisha lini?" Wewe ukadhani amekukumbuka. Alikuwa anauliza akae kaburini mpaka lini, nawe ukamwambia mwezi wa kumi na mbili, naye akasema si mbali. Mtu wa umri wake, Delvin. Unajua ana miezi mingapi ya kuchezea? Mimi sijui, na wewe hujui, na umemchukulia yote hiyo bila hata kuomba.

Kwa hiyo Houston sahau, na maneno matamu ya kumpandisha basi sikupi. Fanya hivi. Kesho mchana, jua likiwa wazi na majirani wako barazani, nenda kwake kwa mlango wa mbele. Acha miwani kwa Tremel. Usianze na "unajua Bibi, ilitokea tu." Sema, "Nimekukosea, Bibi," kisha nyamaza, hapo ndipo kimya chako kitakuwa na kazi. Atakugombeza. Safari hii usirekodi.

Akimaliza, muulize yeye anataka nini Jumamosi. Akitaka kuja, avae ile kofia ya zambarau, apewe mwavuli wake, aingie akiwa mbele ya bendi, na bendi za mji huu hazihitaji kufundishwa wimbo gani wa furaha unafuata baada ya ule wa makaburini. Akikataa kuja, ni haki yake, utapanda jukwaani peke yako na kuwaambia watu yu hai, bila tarumbeta na bila njiwa. Watakuzomea. Zomewa, halafu piga ngoma ya nne.

Jambo la mwisho. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umemrudishia sufuria lake. Nilichokikuta ni kwamba unachemshia tambi. Watu wasiomjua wamempelekea masufuria mpaka ukutani, na mjukuu anayempenda kuliko kitu chochote amekaa na lile lake moja.

Lisugue leo, mpaka mfuniko. Kesho ulibebe mikononi barabara nzima watu wakuone, ndipo ugonge mlango.