Chumvi Yote Katika Kopo Moja

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la fundi viatu,
Jumapili, tarehe tisa, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Basi swali lako sikulijibu kwa sababu simu ilikatika, wala si kwamba nilikukatia, kama ulivyomwambia Mjomba Redio. Ingawa, tuseme ukweli, siku ile hata isingekatika ningebaki kusema "aa" na "ee". Jibu sikuwa nalo. Leo ninalo, na ni refu, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu.

Lakini salamu kwanza, usije ukasema ndoa imeninyang'anya adabu. Shikamoo, Shangazi yangu. Goti linasemaje? Yale mafuta ya kuchua unayapaka, au bado yamekaa dirishani yakiota jua kwa niaba yako? Na jogoo wako mbabe, ameacha kumfukuza mwalimu wa watu kila apitapo? Mimi ni mzima, mzima hadi naona haya. Mashavu yamejaa, sketi ya kijivu nimeiongeza kitambaa kiunoni, na kila mteja anayekuja kupimwa nguo ananitazama kisha anacheka peke yake.

Leo tumetimiza wiki saba. Nazihesabu kama mtoto anayehesabu meno. Sijui nianzie wapi kukusimulia mume wangu. Anakata vitunguu huku ananitazama mimi, na kidole hajawahi kujikata. Asubuhi anapiga mluzi hadi fundi viatu wa chini anagonga dari lake kwa nyundo, na yeye anamjibu kwa kisigino. Ananiita Fundi, nami namwita Mpishi, na majina yetu tuliyopewa na wazazi yamebaki kwenye cheti cha ndoa tu. Haya, nisikuchoshe. Najua unasoma huku umebinua mdomo.

Uliniuliza hivi: mwanamume aliyepika melini miaka kumi na mmoja, akala kwenye meza za dunia nzima, wewe na sufuria yako moja utamkalisha wapi? Ukasema humchukii, ila unaniogopea mimi. Shangazi, neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Harusini hukuja kwa sababu ya goti, najua, lakini goti lile lilikuwa na mwenzake, na mwenzake ni hiyo hofu.

Sikukwambia kwamba siku uliponipigia, hofu hiyo ilikuwa imeshabisha hodi kwangu. Kulikuwa na barua nyuma ya saa ya mezani. Nahodha wake wa zamani alikuwa amemwandikia: safari ya miezi minane, bandari tisa, na mpishi mwingine hamtaki. Jibu limfikie kabla ya katikati ya mwezi. Mpishi alinisomea, akaikunja, akaiweka nyuma ya saa, akasema tutaizungumza. Hatukuizungumza. Yeye hakusema, mimi sikuuliza. Kila nikifuta vumbi niliifuta na ile barua, nikairudisha palepale, kama vile ni pambo la nyumba.

Sasa sikiliza nilichofanya Alhamisi, na kabla hujanicheka ujue mkono wako umo.

Alhamisi mkanda wa cherehani ulikatika, nikarudi nyumbani mapema. Nikasema leo jiko hili litanitambua. Nikatoa kila kitu kwenye kabati, na kule nyuma kabisa nikakuta kasha la bati, na ndani ya kasha chupa kumi na nne za dawa, zile ndogo za vidonge, kila moja imefungwa uzi shingoni. Nikafungua ya kwanza, chumvi. Ya pili, chumvi. Nyingine nyeupe, nyingine ya kijivu, nyingine ina wekundu kama wa tofali, moja ina mabonge makubwa kama kokoto. Zote kumi na nne chumvi, na hakuna iliyojaa.

Wewe ulinifundisha nini, Shangazi? Kwamba jiko lenye chumvi katika vyombo viwili ni jiko la mtu asiyejua alichonacho. Nimekua na maneno hayo. Nilijua mara moja kwamba huu ni uzembe wa mwanamume aliyeishi bila mke, anafungua kipya kabla cha zamani hakijaisha. Nikachukua lile kopo kubwa ulilonitumia zawadi ya harusi, nikamimina zote humo, nikaponda mabonge, nikakoroga kwa mwiko mpaka rangi ikawa moja. Chupa nikaziosha kwa maji ya moto nikazipindua dirishani zikauke. Nyuzi zilikuwa nzuri, pamba safi iliyosokotwa vizuri, na mkono wangu hautupi uzi. Nikazikata kwa uangalifu nikaziweka kwenye kisanduku changu cha sindano. Kisha nikafunga kitambaa kichwani nikamsubiri mume wangu aje anisifu.

Alifika saa kumi, akabadili shati la kazini. Alisimama mlangoni mwa jiko akatazama dirisha.

"Fundi, hizi chupa zilikuwa na kitu."

"Chumvi," nikamwambia. "Na usijali, haikupotea hata punje. Nimeiweka pamoja."

Nikamfunulia kopo huku nimenyoosha shingo kwa majivuno. Alichungulia kama mtu anayechungulia kisima alichoangusha ufunguo. Kisha akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Nikamuuliza kuna nini. Akasema zile zilikuwa bandari zake. Kila bandari alikokula chakula ambacho hakutaka kukisahau, aliomba chumvi kidogo ya mezani pale akaifungia. Wenzake walinunua kofia na saa, yeye aliomba chumvi. Miaka kumi na mmoja. Na mimi nimeikoroga kwa mwiko.

Akainuka akasema anakwenda kununua mkate. Shangazi, nyumbani kulikuwa na mikate miwili.

Niliposikia viatu vyake vinashuka ngazi, nilitazama saa ya mezani. Nyuma yake hapakuwa na barua.

Nikakimbilia chini bila viatu. Fundi viatu akaniambia, misumari ikiwa mdomoni, "Shemeji amepita hapa anauliza posta inafungwa saa ngapi. Kwani mna nini? Leo hata mluzi hakupiga." Nikapanda juu. Nilikukumbuka wewe, nikaona kweli, sufuria moja haiwezi, na hata ile dunia aliyokuja nayo kwenye kasha nimeimwaga siku ya arobaini na sita ya ndoa. Nililia, sikufichi. Nilipochoka kulia nikatoa nyuzi kwenye kisanduku nikazinyoosha juu ya meza ya kupigia pasi, moja moja, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure. Hapo ndipo nikaona kila moja ina rangi yake na fundo lake.

Alirudi jua likiwa bado lipo. Ameshika mkate. Akaziona nyuzi. Akauweka mkate juu ya kiti, akainama.

"Hukuzitupa?"

"Uzi hautupwi," nikasema.

Akaugusa mwekundu. Akasema huu ni Bandari ya Mama wa Mchuzi. Majina halisi ya miji alishayachanganya zamani, yeye anaiita kwa chakula. Huko kulikuwa na baridi ya kugandisha kope, na mama mmoja mwenye glavu zilizokatwa vidole aliuza mchuzi wa samaki kwenye kibanda karibu na gati. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja. Yeye akimaliza bakuli, mama anagonga ukingo kwa kijiko, maana yake lete nijaze. Alikula matatu, akarudi melini anatembea kama ana mimba.

Wa njano ulikuwa wa mvua. Fundi magari na watoto wake sita walimwita aingie gereji asilowe, wakaweka mlango wa zamani juu ya mapipa mawili ukawa meza, wakala mkate wa moto na vitunguu vilivyochomwa, na mtoto wa mwisho akamlalia mapajani kama aliyemjua tangu azaliwe.

Mweusi aliuruka. Akasimulia nyingine tisa, kisha akaurudia mwenyewe. Huko ndiko ilikomkuta habari ya kifo cha mama yake, Shangazi. Alikuwa hajui aende wapi, akaingia kwa kinyozi akakaa kwenye kiti. Kinyozi alimtazama kwenye kioo, akaweka mkasi chini, akafunga mlango. Akachemsha mayai mawili kwenye kibirika, akaleta na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akakaa karibu naye. Wakala yai moja moja. Nywele hakukatwa siku ile.

Nikamshika mkono. Nikakaa karibu naye, kama kinyozi.

Mara akaanza kuhesabu, akasema zimo kumi na tatu, wa kijani uko wapi, Bandari ya Matango. Aliwahi kukaa juu ya magunia na wapakuzi wa mizigo wakila matango na chumvi, wakicheka hata hawajui wanacheka nini. Nikaona aibu ya pili. Wa kijani nilikuwa nimeshaushonea kifungo cha shati lake la nyumbani, mchana uleule, shati lenyewe amelivaa. Akainama akajitazama kifuani. Alicheka, Shangazi, hadi fundi viatu akagonga dari.

Ukabaki mweupe. Nikamuuliza, na huu? Akasema huo ni Bandari ya Viazi. Nikamwambia simulia. Akasema kulikuwa na fundi nguo mmoja, mkali kidogo, na yeye alipeleka shati lililochanika mkono. Fundi alikuwa anakula, viazi vya kuchemsha kwenye karatasi. Akamwambia, subiri nimalize, au kaa tule. Akakaa.

Hapo mimi nikakumbuka. Nilikumbuka kabisa mteja aliyeomba abaki na ile karatasi yangu ya chumvi, nikadhani ana kichaa kidogo. Kumbe nilijikoroga na mimi mwenyewe.

Nilimuuliza kuhusu posta. Hakunificha. Alitoka na hasira, akataka kuandika ndiyo. Alifika dirishani, karani akamsukumia karatasi na kalamu, na yeye akajikuta anataka kumsimulia mtu habari ya mke aliyeponda bandari kumi na nne kwa mwiko. Akatafuta wa kumsimulia, akaona ni mimi tu. Akasema, "Miaka yote ile, Fundi, nilikula vizuri kila mahali, na kila mahali niligeuka pembeni kumwambia mtu onja hii. Kiti kitupu." Zile chupa alikuwa ameziweka anifungulie moja kila mwaka siku ya harusi yetu. Sasa tunakula miaka kumi na minne kwa mpigo.

Ijumaa asubuhi alimwandikia nahodha barua ya hapana, juu ya meza yangu ya kushonea, nami nikailamba bahasha kuifunga. Jumatatu atakuwa kazini kama kawaida, jiko la hospitali, akiwapikia wagonjwa waliokatazwa chumvi. Mtu aliyeiokota dunia nzima. Tunalicheka hilo kila siku.

Nyuzi nazishona kwenye pembe ya kitambaa cha meza. Jana alipika maharage, akatia kijiko kimoja cha kopo lile. Nikafumba macho kutafuta mchuzi, mvua, mayai, viazi. Naapa nilivipata vyote, ingawa yeye anasema ni maharage tu na yamezidi chumvi.

Kwa hiyo jibu lako ni hili, Shangazi. Simkalishi popote. Amekaa mwenyewe.

Nisalimie Mjomba Redio, umwambie apunguze sauti ya taarifa ya habari na ya umbea. Msalimie Bibi Mdogo, na yule dada mkunga aliyenifunga mkanda siku ya harusi, na binamu yangu Kifimbo na mkewe. Jogoo msalimie kwa mbali. Mungu akulainishie goti, akupe usingizi mtulivu, na meza yako isikose wa kukaa nayo.

Mpishi ameomba likizo ya siku nne. Chemsha viazi, Shangazi, na chumvi usiweke, tunakuja nayo. Utaonja kwanza, kisha utamuuliza yeye mwenyewe swali lako, ana kwa ana. Kabla mwezi huu haujaisha utatusikia tunapiga hodi.

Ni mimi, mwanao akupendaye na sasa anayependwa,
Fundi.