Pembe na Plastiki kwenye Meza za Voi

Mama Simiyu, mke wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, hao wengine wangoje. Mguu wako unaendeleaje na baridi ya huko? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi niko mzima, meno tu ndiyo yananisumbua, lakini mikono bado ni ile ile iliyokuwa inakaza reli. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe unanikatiza. Mwambie mjukuu akusomee polepole, na asicheke mwandiko wangu.

Kila mara unaniuliza kwa nini sirudi na kazi ya reli iliisha zamani. Nirudi aje, na hapa hakuna mtu anatengeneza bangili za pembe kama mimi? Pembe za ng'ombe natoa kwa wafugaji wa Ndara, nachemsha, nakata, napiga msasa mpaka unaona uso wako. Kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa Voi, meza yangu ndiyo watu wanatafuta. Sijisifu, nasema vile iko.

Sasa sikia. Meza ya karibu na yangu ni ya mama mmoja mjane wa Werugha, anaitwa Mama Mghoi. Alikuwa anauza bangili kama zangu, bei nusu, na kusema ni pembe. Mimi nilijua ni plastiki, ananunua Mombasa halafu anaongeza shanga. Nilinyamaza, kwa sababu tunakula pamoja na mahindi yake ya kuchoma si mabaya. Lakini wateja walikuwa wananipita wanaenda kwake.

Jumamosi mgeni mmoja wa Nairobi akaniuliza, "Mzee, nitajuaje hii ni pembe?" Nikapasha sindano kwenye jiko la mahindi, nikagusa bangili yangu upande wa ndani. Akanusa. "Inanuka kama nywele imeungua." Nikamwambia hiyo ndiyo pembe, plastiki inayeyuka. Nilifurahia sana maneno yangu. Yule mgeni akapasha sindano tena, akaenda nayo meza ya pili.

Hiyo sikutaka. Bangili ya Mama Mghoi iliyeyuka mbele ya watu. Mwenyekiti wa maonyesho akaja. "Funga vitu vyako, mama. Hapa hatutaki waongo." Mama Mghoi akaanza kukunja kitambaa chake, na hiyo meza ndiyo inalisha watoto wake. Akaniangalia. "Umefurahi, mzee? Na huyo ng'ombe mwenye pembe, ulimzaa wewe?"

Mke wangu, hilo neno lilinikaa moyoni. Nikamwambia mwenyekiti, "Ngoja. Shanga za hapa zote zinatoka kiwandani. Huyu mama anazitunga kwa mkono wake, mimi nimemwona. Kosa ni la mdomo. Akisema ni plastiki, kosa litakuwa wapi?"

"Mzee, wewe ni mkaidi."

"Ndiyo. Na akiondoka, naondoka na pembe zangu, halafu tuone nani atakuja kwa maonyesho yako."

Mwenyekiti akanipa mgongo. "Basi aseme. Kwa kila mteja."

Akasema, kutwa nzima. "Hii ni plastiki, lakini shanga nimetunga mimi." Na watu walinunua. Walinunua kuliko zangu. Mimi hakunisemesha. Hata mahindi alikula peke yake.

Jioni akaja mwalimu mmoja na bibi yake. Akashika bangili yangu nyeusi, akaiangalia vile askari anaangalia mlevi. "Hizi za bei kubwa, kweli ni pembe?" Nikafungua mdomo nianze kueleza. Mama Mghoi akanitangulia, bila kuinua kichwa.

"Hiyo ni pembe. Yangu ndiyo plastiki."

Mwalimu akatoa pesa. Akachukua mbili. Mama Mghoi akasogeza hindi moja upande wangu wa meza, bado haniangalii, nami nikalila.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, anayefikiri yeye ndiye mwenye akili kwetu. Nisalimie binti yetu aliyeolewa ng'ambo ya mto, mama mkwe wake, na yule jirani anayekuchotea maji. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mume wako, ambaye ukimwangalia kwa mbali bado ni kijana,

Baba Simiyu