Sauti ya Shangazi Kwenye Albamu

Uko wapi? Shika simu! Wamemchukua shangazi.

Shangazi yangu yule anayefua mashuka hospitali. Si unajua albamu iliyotolewa na bendi yetu inaanza na sauti yake, akisimulia nguo zenye damu alizofua za wale vijana waliopigwa risasi kwenye maandamano? Nilimwahidi tutaibadilisha sauti isijulikane. Na tuliibadilisha, wallahi! Mwimbaji wetu ndiye akairudisha ilivyokuwa, eti ikichezewa inakosa uchungu. Uchungu!

Leo wanaume wawili wameingia chumba cha kufulia, wakawasha simu, wakawasikilizisha wafuaji wote ule mwanzo wa albamu. "Hii sauti ya nani?" Wakamkamata dada mmoja mjamzito, wakaanza kumburuta. Ndipo shangazi akaweka shuka chini.

"Mwacheni mtoto wa watu. Ni mimi."

Ni mimi! Kama anayeitikia hodi.

Nimempigia mwimbaji. Unajua kanijibu nini? "Pole, kaka. Ila sasa ndiyo tutasikika dunia nzima."

Nimemkatia simu. Nimezima redio. Jirani naye kaifungulia albamu yetu kwa sauti ya juu. Shangazi anaongea nyuma ya ukuta, na hakuna anayejua alipo.