Saa Yenye Ua la Boga

Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Februari 1993

Kwako mke wangu, Bibi Ekaristia,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na kile kikohozi kimekuachia? Mimi huku ni mzima, nakula na kulala, joto tu ndilo linalonionea. Nakuandikia kwa sababu nimekwama, na mwanamume akikwama humwendea mkewe.

Masufuria na saa za kiume nimeacha. Siku hizi nauza saa za mkono za akina mama peke yake. Tangu mambo yawe ruksa, mali inashuka kutoka Dubai mpaka tunaikanyaga. Na usifikirie zile saa nyeusi za mwalimu mkuu. Hizi zina maua usoni na maua kwenye mkanda, nyekundu, njano, zambarau, nyingine zimechorwa mpaka namba huzioni. Nimekuwa fundi wa kuchagua. Akija mama mnene mwenye kitenge cha kuwaka, nampa uso mkubwa wa mawaridi. Akija karani wa ofisini, nampa mkanda mwembamba na ua moja tu. Sikosei. Wenzangu hapa mezani wananiita Daktari wa Mikono.

Sasa kuna mkono mmoja umenishinda. Ni wa Pamela, binti wa Mzee Romwaldi seremala, pale Msamala. Tulisoma wote, na siku hizi anashona nguo barazani kwao. Siku naondoka alinisindikiza mpaka stendi, akaona mfuko wa shati langu umechanika, akaushona nikiwa nimelivaa. Miaka mitatu sijamwona, ila tunaandikiana. Mwezi uliopita ameniambia kuna mwalimu wa Namtumbo ametuma watu kwao, na baba yake amewajibu warudi baada ya Pasaka. Hakuandika zaidi ya hapo. Mimi nimesoma kama ananiuliza.

Nataka kumpelekea saa, lakini kila nikishika moja naona siyo. Basi nimempa Daimu, kondakta wa basi la huko, saa tano akuletee. Chagua moja umpelekee. Zinazobaki fanya upendavyo. Fanya haraka, Bibi, Pasaka haiko mbali.

Mume wako,
Egidi

*

Maposeni,
24 Februari 1993

Mume wangu Egidi,

Marahaba. Goti lipo, linauma likijisikia. Kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kuona sikijali. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, na nyani nao wameshapata habari. Hofu yangu si wewe, maana anayelia na joto hajawahi kuugua.

Saa tano nimezipokea kwa mkono wa Daimu, zimefungwa ndani ya soksi. Kwanza nilinuna. Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukaanza kuona haya, hujawahi kuniletea hata kioo cha kujitazama. Leo unaleta saa tano, na zote za mwanamke mwingine. Nimekusamehe kwa kuwa soksi ilikuwa safi.

Nimezipanga kwenye ungo nikazitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Kuna nyekundu ya mawaridi, inapiga kelele. Kuna nyeupe yenye vijiua vingi, kama kitambaa cha altare. Kuna ya bluu, maua yake sijawahi kuyaona duniani. Kuna ya zambarau, ile rangi ya ua la kunde. Na kuna ya njano, ua moja kubwa kama la boga, limefunguka asubuhi. Hiyo ya njano niliishika kwa muda.

Lakini saa haichaguliwi kwa kuitazama saa. Jumanne nilipanda gari mpaka Msamala, nikajifanya nataka blauzi. Pamela alinipa kigoda kabla sijaomba, akanipima taratibu, akaniuliza habari za goti. Habari zako hakuuliza. Alizizungukia. Mimi nilikuwa nautazama mkono. Ni mwembamba, kifundo kimetokeza. Wa kushoto amefunga kijimto cha kuchomekea pini, kwa hiyo saa itakaa kulia, mkono unaosukuma kitambaa chini ya sindano. Uso mkubwa utakamata uzi kila dakika. Wewe Daktari wa Mikono, miaka yote ya kumwandikia, mkono huu hukuwahi kuutazama?

Halafu kuna hili. Kwetu, bibi akimvika binti wa watu kitu mkononi, ameposa. Hapo hakuna tena zawadi. Basi niambie kwa maandishi: unataka mke, au unataka kumfurahisha tu?

Mke wako mkubwa,
Ekaristia

*

Kariakoo,
3 Machi 1993

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa safari ya Msamala na goti lako hilo. Mimi mzima.

Nataka mke. Nimeandika kwa wino, ukaiweke barua hii ndani ya Biblia. Kijimto cha pini sikukijua, naona aibu kweli. Peleka saa yoyote unayoona inafaa, ila iwe wiki hii. Nikilala naota yule mwalimu ameshika futi ya kupimia nguo.

Mume wako,
Egidi

*

Kariakoo,
24 Machi 1993

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama unaumwa au umenikasirikia. Wiki tatu sijapata hata mstari. Nimemuuliza Daimu, akasema alikuona Peramiho siku ya gulio, mzima, umevaa saa nyekundu. Nimeshindwa kuelewa.

Pasaka imebaki wiki mbili na nusu. Leo asubuhi imefunguliwa katoni mpya, na ndani yake nimeipata yenyewe: uso mdogo, mkanda laini, maua ya waridi yamezunguka kama shanga. Nimempa Daimu amkabidhi Pamela mwenyewe, mkononi. Usinune. Nimeogopa kuchelewa.

Mume wako,
Egidi

*

Maposeni,
2 Aprili 1993

Egidi,

Leo sikuiti mume wangu. Mimi ni mzima, asante kwa kuuliza.

Juzi nimepata mgeni. Mzee Romwaldi ametoka Msamala mpaka hapa kwa baiskeli, umri ule, milima ile. Alikataa kiti. Akafungua gazeti, ndani yake ipo hiyo saa yako ya shanga. Akaniambia, "Mama Ekaristia, kama Egidi ana wakubwa zake, mbona saa imekuja peke yake?" Kumbe Daimu alimkabidhi Pamela pale barazani, mbele ya wateja, akasema kwa sauti ya kuitia abiria kwamba imetoka kwa Egidi wa Kariakoo. Msamala nzima imejua. Binti akipelekewa kitu na kijana bila mzee, watu wanasema anachezewa. Hayo unayajua, umezaliwa hapa. Naona Kariakoo imekusahaulisha.

Na saa yenyewe itazame, nimeifunga humu. Siku tatu tu, na maua yameshabanduka. Yameacha rangi kwenye blauzi nyeupe ya mteja, ikabidi Pamela ashone nyingine.

Ulidhani nimekaa kimya bure. Nilikuwa nazivaa. Kila saa siku nne, kulimia, kuoshea vyombo, kuchotea maji, nione ipi inafaa mkono wa mtu anayefanya kazi. Saa ya mke haivaliwi Jumapili tu. Nyekundu ilikufa kwenye mvua, siku ile ile Daimu aliponiona. Nyeupe iliacha vijiua vyake kwenye maji ya vyombo. Ya bluu mkanda ulikatika kisimani. Ya zambarau na ya njano zimesimama imara. Ungesubiri siku chache tu. Sikukuandikia kwa kuwa sikuwa na la kusema kabla hazijaisha, na hapo kosa ni langu, nalibeba. Yaliyobaki ni yako.

Nilipokwenda kuchukua blauzi yangu jana, Pamela alinipa bila kunitazama. Macho yalikuwa mekundu. Ameishona vizuri sana.

Watu wa mwalimu wanakuja Jumapili ya tarehe kumi na nane. Mimi naweza kwenda kwa Romwaldi siku moja kabla, na saa mkononi. Siwezi kwenda na mjukuu aliye hewani. Njoo. Miaka miwili, tangu tumzike babu yako Polikarp, kila nikikuambia njoo unanijibu mali imefika bandarini. Safari hii usinijibu bandari. Nakupenda mno, ndiyo maana nimekasirika kurasa mbili.

Bibi yako,
Ekaristia

*

Kariakoo,
Alhamisi Kuu, 8 Aprili 1993

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma nimekaa chini ya meza yangu, wateja wasinione uso. Unisamehe. Mzee Romwaldi nitamwomba radhi kwa mdomo wangu. Pamela sijui hata nitaanzia wapi.

Kuna neno lazima litangulie kabla yangu. Babu alipofariki niliwaambia telegramu ilichelewa. Haikuchelewa. Niliipata siku ile ile, saa nane mchana. Mali ilikuwa inagawiwa godauni kesho yake, na nilikuwa nimepewa namba, mara yangu ya kwanza. Nikasema nichukue mali yangu, halafu nipande basi. Nilipotoka godauni nikahesabu siku, nikajua mmeshamzika. Sikupanda. Tangu hapo kila nikifikiria Maposeni naona kaburi la mtu aliyenifundisha kusoma saa kwa kivuli cha ukuta, na mimi nilimkosa kwa ajili ya katoni ya saa. Hiyo ndiyo bandari yangu, Bibi.

Jumatatu ya Pasaka napanda basi la Daimu. Nitafikia kaburini kwanza. Kama baada ya kusoma haya hutaki kuniona, usije stendi, nami nitaelewa.

Mjukuu wako,
Egidi

*

Maposeni,
21 Novemba 1993

Mume wangu Egidi na mke mwenzangu Pamela,

Marahaba zenu wote wawili, nimezisikia kabla hamjaziandika. Mmefika Kariakoo salama, Daimu ameniambia. Chumba kina dirisha? Cherehani imepata pa kukaa? Mimi mzima. Tumepanda mahindi na mvua imekuja kwa adabu. Nyumba imekuwa kubwa tangu mwondoke, nafagia mara moja tu kwa siku.

Nina mambo mawili niliyowaficha, na karatasi inanipa ujasiri.

La kwanza ni la Egidi. Habari ya telegramu niliijua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeituma, na karani wa posta alinihakikishia siku ile ile kwamba imeshafika. Nilinyamaza nikisubiri uniambie mwenyewe. Ulipoandika, nililia, halafu nikavaa saa. Siku uliyorudi uliniuliza nilifika stendi saa ngapi, nikakudanganya kwamba nimefika sasa hivi. Nilifika saa nne kamili asubuhi, na basi liliingia saa tisa. Nilikuwa na saa, nilihesabu vizuri. Uliposhuka na kunisalimia kwa magoti pale kwenye matope, mbele ya wapiga debe, nilijua babu yako amepokea toba yako hata kabla hatujafika kaburini.

La pili ni la Pamela, na wewe Egidi usome polepole. Jumamosi ile kwa Mzee Romwaldi, baada ya kuomba radhi na kumaliza ya wazee, niliambiwa nimwite binti achague. Nilitandika kitenge, nikaweka ya zambarau. Ya njano ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nimeisahau. Nasema nilikuwa nimeisahau. Pamela alipiga magoti, akaitazama ya zambarau, halafu macho yake yakapanda yakatua kwenye mkono wangu. Yalikaa pale. Niliona anavyoitaka. Nikaanza kuifungua, na yeye akaweka kiganja chake juu ya kidole changu, akasema taratibu, "Mimi napenda rangi ya kunde, Bibi." Akanyoosha mkono wa kulia nikamvika ile. Watu wakapiga vigelegele, na watu wa mwalimu wakapelekewa habari wasije.

Alidanganya, Egidi. Alikuona wewe pale, kijana wa saa mia, na akaniona mimi mzee wa saa moja, akaniachia. Nami nilimwachia aniachie, kwa sababu naipenda. Siku ile ndipo nilipojua umeoa vizuri kuliko ulivyostahili. Pamela mwanangu, hii saa ni yako siku nikifa. Lakini sina haraka, nimeshonewa blauzi mpya.

Sasa kuna tatizo. Juzi asubuhi nikichuma likolo, yale majani ya maboga, nikatazama mkono, mishale imesimama. Saa moja kasoro dakika tano, na haijasogea tena. Ni betri. Mwenye duka Peramiho anazo, zimetundikwa mlangoni kwake, nimezitazama nikapita.

Msinitumie kwa Daimu. Ileteni wenyewe, mmoja anishike mkono, mwingine afungue kifuniko. Mpaka siku hiyo nitaendelea kuivaa hivi hivi ilivyosimama, na kanisani wakiniuliza saa, nitawaambia bado.

Mke wenu mkubwa,
Ekaristia