Ree Tatu za Bibi

Jodhpur,
2 Desemba

Kwa dada yangu Sumitra,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo limekuwa mtu wa tano wa familia kwa jinsi linavyozungumzwa. Shemeji hajambo? Na kifua cha Kanhaiya kimepoa? Mama anauliza kama yale mafuta ya haradali unampaka au umeyaficha kabatini. Nimemwambia unampaka.

Umeandika kwamba tangu usikie Bibi alipata ree tatu siku ya Diwali, umeanza kufunga kila Ijumaa kumshukuru Lakshmi kwa kumrudishia bahati. Ndiyo sababu ya barua hii. Nivumilie, nianzie nyuma kidogo.

Unamjua Bibi. Tangu Babu afariki, Diwali sita mfululizo hakushinda hata mchezo mmoja wa karata, akaamua kwamba Lakshmi amempa kisogo. Daktari alipompangia kumtoa mtoto wa jicho, lile la kulia, siku nane baada ya Diwali, akasema mtu mwenye nuksi hakaribishi kisu jichoni. Daktari alitueleza wazi kwamba akichelewa tena jicho limekwenda, na la kushoto litafuata. Baba alibembeleza, Mama akalia. Bibi akasema atakubali Lakshmi akimwonyesha kwenye karata, basi.

Nikajiambia, kama ni karata tu, hilo linawezekana.

Nilimwendea Ustadh Rahmat, yule mzee wa viinimacho anayeitwa kwenye harusi, nikamwomba anifundishe kugawa karata ya chini huku watu wakidhani ni ya juu. Alitazama vidole vyangu akauliza kama kazi yangu ni kukanda unga. Miezi minne, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, nilikaa mbele ya kioo cha wateja wa sari. Mwanzoni karata ilitoka kwa kelele. Kelele zilipokwisha, kidole kidogo kikawa kinanyooka kama cha bibi harusi anayekunywa chai ukweni, mpaka Ustadh akakifunga kwa uzi. Kufikia mwisho wa Oktoba alinitazama mara kumi akanikamata mara moja. Akasema sasa naweza kumwibia kipofu. Hakujua alichosema.

Siku ya Diwali, baada ya chakula cha mchana, tulikaa kwenye godoro: Baba, Mama, Baba Mdogo Bhanwarlal, Bibi na mimi. Dau ni lozi, kama kawaida. Karata za nyumbani nilikuwa nimeshazipanga, ree tatu, zisizoshindwa na karata zozote, chini kabisa zimngoje Bibi. Nilipozichukua nigawe, Mama akanipiga kofi mkononi, akauliza tangu lini karata za mwaka jana zikachezwa mbele ya Lakshmi. Akachukua pakiti mpya miguuni pa sanamu, akaipaka unga mwekundu, akampa Baba Mdogo azichange. Dada, miaka ishirini na sita nimeishi nyumba hii, kila Diwali pakiti mpya, na nilisahau. Miezi yangu minne ikaenda hivyo hivyo.

Niligawa kihalali, tatu tatu. Bibi, kwa kuwa haoni karata hata kwa jicho la kushoto, alinipa zake nimsomee sikioni kama siku zote. Saba ya pau, tatu ya uru, tisa ya kopa. Takataka tupu. Nikamnong'oneza kwamba ni ree tatu.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Hazikuwapo. Bibi akachukua karata zake, akasukuma lozi zote katikati. Wengine wanajua habahatishi, wakajitoa mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna aliyedai kuziona. Nikazikusanya upesi. Baba Mdogo alipouliza alikuwa na nini, Bibi ndiye aliyejibu, na Mama akalia tena, safari hii kwa furaha.

Kesho yake nikakuta pakiti ina karata hamsini na moja. Saba ya pau haipo. Bibi alikuwa ameificha, akaifunga kwenye kitambaa chekundu na kukichomeka kiunoni. Alitangaza kwamba hiyo ni ree aliyopewa na Lakshmi, na ndicho kitu cha kwanza atakachotazama bandeji ikitolewa.

Siku zile chache nilifanya mazoezi kuliko miezi yote minne. Kazi ilikuwa moja tu: karata iingie kiganjani na nyingine itoke mahali pake, mchana kweupe, mbele ya jicho jipya.

Bandeji ilipotolewa, Bibi alipepesa, akatutazama, akamwambia Baba amezeeka. Kisha akanipa kitambaa nikifungue. Saba ikaingia, ree ya shupaza ikatoka. Nakuapia hata Ustadh asingeniona. Sijawahi kufanya vizuri namna ile.

Bibi aliishika, akapapasa pembe kwa dole gumba, akamtuma Baba akatafute chai. Tulipobaki wawili akanyoosha mkono.

"Lete yangu. Ile nimeikunja pembe kwa kucha."

Nikampa. Aliitazama muda mrefu, saba ya pau. Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Tangu uliponisomea. Ree tatu, na sauti kama unasoma tangazo la msiba. Nikasema, kama Girdhari anaogopa kwa ajili yangu hadi anadanganya mbele ya Lakshmi, mimi ni nani nikiogope kisu?"

Dada, nililia, na nesi akiwa amesimama mlangoni. Bibi alinisubiri nimalize, kisha akasema mkono wangu sasa ni mzuri, ila macho bado. Wakati wa kubadilisha nilimtazama yeye usoni badala ya kuitazama karata. Ustadh amenihangaikia miezi minne asilione hilo.

Wazazi hawajui, na wasijue. Kuhusu kufunga kwako, nilimwuliza Bibi. Amesema uendelee tu, kwani kwenye picha ya mwisho uliyotuma umenenepa. Jicho la kushoto ni tarehe kumi Januari. Tarehe amemtajia daktari yeye mwenyewe, wala hakuomba karata.

Msalimie Shemeji, umbusu Kanhaiya, na usiache kutuandikia.

Mimi mdogo wako,
Girdhari