Kipande cha Kujaribia

Tarehe 4 Februari

Dada yangu uliyenitangulia kwa robo saa,

Hujambo huko? Mama anaendeleaje na miguu yake, na macho je? Sisi wazima. Mwanangu mkubwa ameng'oka jino, mdogo anaongea mpaka tunaomba po, na shemeji yako kapata safari za kikazi, kwa hiyo nyumba nimebaki nayo mimi.

Ulisema hili jambo nisikueleze kwa simu kwa sababu kwenye simu nacheka tu. Haya, naandika. Naogopa, dada.

Yale madoa yaliyokuja na mimba ya huyu wa mwisho hayajaondoka. Ulisema yatafifia nikimaliza kunyonyesha. Nimemaliza kitambo, nayo ndiyo kwanza yanakolea. Yameshika mashavu yote mawili, yamepanda kwenye paji, na juu ya mdomo utadhani nafuga masharubu. Na kazi yangu unaijua: duka la miwani, vioo kila upande. Nikimvalisha mteja fremu lazima niiname nimwekee sawa nyuma ya sikio, uso wangu hapa na wake hapo. Juzi mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alivaa lenzi zake mpya, akanitazama, akasema kwa sauti, "Ala! Kumbe una hivyo usoni!" Miaka yote alikuwa hanioni. Mpima macho alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda stoo nikalia.

Bosi hajasema neno baya. Amesema tu kwamba kule nyuma kwenye mashine ya kusaga lenzi kunahitajika mtu, na aliposema hivyo alinitazama mimi. Kule nyuma hakuna mteja wala dirisha. Mimi kazi yangu ni watu, dada. Nikipelekwa kule nitanyauka.

Nimekwenda sehemu mbili. Ya kwanza ni kliniki ya urembo, kiyoyozi na maua, picha za watu kabla na baada ukutani. Wao wana leza: wanakupiga mwanga, doa linavunjika, unarudi kazini. Ya pili ni kwa daktari wa ngozi hospitalini, mama mkavu, hacheki hata ukimtekenya. Yeye anataka nipake krimu aliyoandika mwenyewe, nyingine ya kukinga jua kila siku ya Mungu, nisubiri miezi, na ikibidi ndipo anichubue kidogo kidogo kwa asidi. Asidi, dada! Nilipomuuliza habari ya leza alisema, "Ngozi kama yako ukiiudhi inajibu kwa weusi zaidi."

Nikifumba macho naona uso wangu unabanduka. Nifanye lipi?

Mdogo wako.


Tarehe 12 Februari

Mdogo wangu,

Nimefurahi kupata mwandiko wako, ingawa unaandika kama kuku kapita. Mama hajambo. Miguu inamsumbua asubuhi, jua likipanda anatembea mpaka kwa jirani kusema watu. Macho ndiyo yale yale, ukungu. Unajua siku hizi anatutofautisha vipi? Kwa madoa yako. Aliniambia mwenyewe: "Mwenye doa mdogo, asiye na doa mkubwa." Kwa hiyo ukiyatoa utampa kazi.

Sasa tuache utani. Mimi sijui leza wala asidi. Najua pasi. Mteja akileta kitambaa nisichokijua, pasi yangu haigusi gauni mpaka iguse kwanza kipande kilichobaki mezani, cha jora lile lile. Majuzi mmoja kaleta kitambaa kinameremeta, anaapa ni hariri. Nikakigusa kipande, kikajikunja chote kikaganda kwenye pasi. Angalikuwa amevaa aibu kwenye harusi ya watu.

Mimi na wewe si jora moja? Tumetoka tumbo moja siku moja, mkunga akakufunga uzi mkononi asituchanganye. Ngozi yako ndiyo yangu. Basi mimi niwe kipande. Nijaribu kwanza, tuone. Mimi nainamia cherehani kutwa, nani ananitazama? Wewe uso wako ni kazi.

Usifanye kitu kabla hatujaelewana.

Dada yako.


Tarehe 17 Februari

Dada,

Salamu zako nimezipata, na za Mama. Sisi hatujambo, ila wewe naona hujambo nusu.

Usithubutu! Umesikia? Usithubutu. Wewe si kipande kilichobaki mezani. Nimesoma barua yako nikiwa dukani nikaangusha fremu, na bosi kaniona. Siku hizi hata skrubu ndogo za miwani zinanishinda.

Kliniki wameniandikia nafasi ya leza tarehe 28 Machi. Sijasema nakwenda. Nimesema waandike tu, kwa sababu yule binti wa mapokezi alikuwa ananitazama na nilishindwa kusema hapana. Niache nifikirie. Nikiamua utajua.

Wewe baki na uso wako.

Mdogo wako anayekupenda.


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mbona kimya? Mama anakuulizia kila akinywa chai. Namwambia unafanya kazi sana.

Nimepiga simu, haipatikani. Ya shemeji inaita mpaka inachoka. Nimemwuliza dereva wa basi linaloleta mizigo, anasema wewe hujapeleka kitu stendi. Wewe ukiwa na furaha unaandika kurasa. Ukinyamaza najua umejikunja mahali unaogopa peke yako, tangu utotoni uko hivyo, ulikuwa unaingia chini ya kitanda radi ikipiga na mimi ndiye nilikuwa nakuvuta miguu.

Silali vizuri. Nimeota umekaa kwenye kiti umefungwa macho, mtu ameshika pasi, nami napiga kelele sauti haitoki.

Tarehe 28 inakuja. Nimekata shauri. Usikanyage pale kliniki kabla hujapata barua yangu nyingine. Nakuomba kwa jina la Mama.

Dada yako.


Tarehe 21 Machi

Dada yangu, dada yangu,

Nisamehe! Hatujambo, wote wazima. Mwanangu mdogo alitumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya nguo, ikafa papo hapo. Shemeji yako yuko mahali mtandao ni wa kubahatisha. Na dukani tumehesabu mali mwezi mzima.

Ila sababu yenyewe siyo hiyo. Leza nilighairi zamani, dada. Wiki ile ile niliyokuandikia. Nilipita kliniki nikawauliza, je, mtanijaribu kwanza sehemu ndogo, nyuma ya sikio, tusubiri tuone? Si ndiyo maneno yako ya pasi? Binti akasema haina haja, ngozi zote ni moja. Nikatoka. Nikarudi kwa mama mkavu. Nikamwuliza swali lile lile. Akanitazama, kwa mara ya kwanza akatabasamu, akasema, "Nani kakufundisha?" Nikasema dada yangu, fundi cherehani.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nikuandikie uso ukiwa umeanza kutulia, nikushangaze. Na kweli madoa yameanza kupungua. Masharubu yamefifia. Na bosi nilimweleza mwenyewe kwamba natibiwa, itachukua muda, na kaunta siachi. Akasema, "Nani kakwambia uache?" Kwa ile mashine ya nyuma alikuwa anataka nimpendekezee mtu wa kufundishwa. Mimi na woga wangu!

Sasa nijibu upesi. Umekata shauri gani? Niambie hujakwenda popote. Naomba barua hii ikukute uko nyuma ya cherehani unanuna.

Mdogo wako mjinga.


Tarehe 4 Aprili

Dada,

Hujambo? Mama hajambo?

Mzigo wako umefika. Magauni uliyowashonea watoto yamewakaa vizuri, wamekataa kuyavua. Lakini nimepekua mfuko wote, nimegeuza mpaka mifuko ya magauni, hakuna barua. Na pindo, dada. Pindo limekwenda upande. Nimelitandika mezani nikalitazama mpaka macho yakaniuma. Wewe hata ukiwa na homa unashona pindo limenyooka. Nani kashona hili? Kama ni wewe, ulikuwa unaona kwa jicho gani?

Nimenunua simu nyingine. Nimekupigia nimechoka. Nimempigia jirani yenu, yule mpenda maneno, na yeye leo hana maneno. Kasema, "Dada yako yupo, yupo," mara mbili, kisha akasema chungu kinaungua.

Naogopa kuliko nilivyoogopa asidi. Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako.


Tarehe 10 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi nipo.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata jioni. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeshakwenda.

Hapa mtaani, mkabala na duka la vyuma, kuna saluni imeweka bango la leza. Nikaona ni hapo hapo, nijaribu, nikuandikie kabla ya tarehe 28. Yule dada wa saluni alitaka anipige mkononi. Mimi nikakataa. Nikamwambia nipige shavuni, pale hasa ambapo pacha wangu ana doa, ndipo jaribio liwe la haki. Akapiga. Nikasikia tu joto. Akasema ngozi yangu ngumu, akaongeza. Mara hiyo nilinusa, mdogo wangu. Ile harufu naijua, ni ya kitambaa kilichokwisha.

Kesho yake jicho halikufunguka. Uso ulivimba mpaka nikafunika kioo cha chumba cha kupimia nguo kwa shuka. Pindo nililishona mimi, kwa jicho moja. Nilitaka watoto wapate magauni yao usije ukashtuka. Pale zahanati wamenipa dawa ya kupaka, malengelenge yamekauka. Lakini palipokauka pamebaki peusi, kutoka chini ya jicho mpaka taya, na kila nikiamka naona pamezidi. Naogopa. Sijawahi kukwambia neno hilo, mimi ndiye wa kukuvuta miguu, lakini naogopa. Wateja wanaongea na mimi wakitazama cherehani.

Na ujinga wangu nimeuona nikiwa nimelala. Kitambaa nilichukua kile kile. Pasi sikuuliza. Ya saluni ya mtaani na ya kliniki yako zinahusiana nini? Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza. Nimeungua, na hata ungekuwa bado unasubiri jibu, nisingekuwa na jibu la kukupa.

Usilie. Hukuniambia niende, ulinikataza. Kimya chako nilikisoma mwenyewe, nikakisoma vibaya.

Kitu kimoja tu ndicho kinanikosesha usingizi. Jumapili nilimpelekea Mama chai. Nilikuwa simsogelei, naweka kikombe naondoka. Siku hiyo alinishika mkono akanivuta kwenye mwanga wa mlango, akanitazama shavuni, uso ukamchanua. Akasema, "Mdogo! Umefika lini? Mbona dada yako hakuniambia?"

Nikamwambia nimefika jana.

Tangu siku hiyo ananiita mdogo. Namjibu.

Mimi.


Tarehe 13 Aprili

Dada,

Sikuulizi hali, naijua.

Huku nilipo nalia na naandika, kwa hiyo mwandiko wa kuku leo vumilia. Barua hii nampa dereva mkononi, itanitangulia. Fanya haya. Saluni ile usirudi hata wakikuita kukufariji. Usipake kitu chochote utakachoshauriwa na jirani, wala ndimu, wala sabuni ya mtu. Ukitoka, jifunike jua. Nimemweleza mama mkavu kila kitu. Hakucheka wala hakukusema vibaya. Amesema anataka kukuona mwenyewe, na kwamba weusi wa kuungua mara nyingi hufifia kwa subira, lakini haniahidi kitu kabla hajauona. Nilitaka aniahidi. Nilimng'ang'ania mpaka mlangoni, akasema tu, "Mlete."

Na akikujaribisha dawa atajaribu kwanza nyuma ya sikio, lako wewe mwenyewe. Ukikaa kwenye kile kiti chake mimi nitakuwa nimekushika mkono, na ukitaka kukimbia nitakuvuta miguu.

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja na basi la Ijumaa. Usije stendi, jua kali. Nisubiri kwa Mama, kaa karibu naye, pale mlangoni penye mwanga.

Ulimwambia nimeshafika. Sasa nikiingia na haya madoa yangu, nawe na lako, atatuona wadogo wawili. Najua ataangalia huku na huku, kisha atauliza mkubwa yuko wapi. Usimjibu, dada. Hilo nitamjibu mimi.

Mdogo wako.