Pole ya Dirishani

Mama, pokea shikamoo yangu ikiwa imelowa, maana mvua ya huku Matombo haibishi hodi.

Jana niliitwa kwa mtoto mwenye surua. Dirisha lilizibwa kwa khanga asipigwe na upepo, moto unawaka, na kina mama wa kijiji cha ujamaa wamejaa ndani kumpa pole, wachanga mgongoni. Nikawaambia kirusi cha surua kimevaa utando mwembamba wa mafuta, wenye miiba midogo ya kunasia kooni. Ndani humu, kwenye hewa iliyokaushwa na moto, mgonjwa akikohoa kinabaki kikielea, kizima. Nje upepo hukitawanya, na unyevu na jua huuharibu utando ule.

Bibi wa yule mtoto akanikazia macho. "Kwa hiyo tusimpe pole mgonjwa? Tumekuwa wanyama?"

Nikamwonyesha wale wachanga mgongoni. Akawatazama, kisha akaichomoa ile khanga mwenyewe. "Wenye wachanga, rudini nyumbani. Sisi wengine tutampa pole dirishani."

Wakasimama nje kwenye manyunyu, wakimwita kwa jina na kumpitishia ndizi mbivu, hadi mtoto akacheka.

Mama, nilimkumbuka mdogo wangu Sofia, mgongoni kwako, siku ulipokwenda kumpa pole mtoto wa jirani aliyeugua surua. Ulikwenda kwa utu. Kirusi hukukiona, wala hakuna aliyekwambia. Tangu tumzike hukanyagi tena nyumba yenye mgonjwa.

Nenda, Mama. Simama dirishani.

Mwanao nesi,
Tereza